Haina Matimba

Katoro nzima ilijua kwamba ukitaka kusifiwa, usiende kwa Zipora. Banda lake la gemu lilikuwa nyuma ya mashine za kusaga, na mlangoni alitundika ubao mweusi uliotupwa na shule. Gemu mpya ikiingia mjini, aliicheza yeye kwanza siku tatu, kisha akaandika maoni yake kwa chaki. Ya mpira ya mwaka huu aliiandikia: "Ni ile ya mwaka jana, imebadilishiwa jezi." Ya magari: "Nzuri, ila barabara haina hata shimo moja. Tusidanganyane." Vijana walisoma ubao ndipo wakaingia, na waliokuja kubisha walikaribishwa stuli, maana Zipora alipenda ubishi kuliko chai.

Tatizo lilikuwa vifaa. Alibaki na mashine moja ya zamani na pedi mbili za kuchezea, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukiibonyeza, mchezaji kwenye skrini anafikiria kwanza. Kule stendi watu walikuwa wamefungua banda lenye skrini pana, na wateja wakaanza kuhamia huko. Yeye mwenyewe alijipa miezi miwili, afunge.

Ndipo akaja Donatus, kijana mtanashati kutoka Dar es Salaam, na gemu aliyoitengeneza na wenzake: Duara la Dhahabu. Unashuka duarani, kwenye shimo la wachimbaji, unavunja mwamba, unapandisha viroba vya mawe.

"Dada Zipora," alisema, "nimeambiwa ubao wako ndio redio ya hapa. Jumamosi tunapiga video. Ukiandika 'Nzuri', neno moja tu, hizi mashine mbili mpya nakuachia."

Asiseme mtu kwamba Zipora hakuzitamani. Alizitamani mpaka akameza mate. "Nipe siku tatu," akajibu.

Siku ya kwanza alifurahi kama mtoto. Machimboni kwao mwanamke hakaribii mdomo wa duara, eti dhahabu inakimbia. Sasa yeye alishuka ameketi zake kwenye stuli, na dhahabu haikukimbia hata kidogo. Siku ya pili akaanza kununa. Kila ukisimamisha matimba, yale magogo yanayozuia ukuta usibomoke, gemu ilikukata sekunde kumi. Usiposimamisha, halikutokea lolote. Boaz, bingwa wa mtaa, ambaye Jumatatu alikuwa anaanza kazi kwenye duara la kweli, alilishtukia hilo upesi: akashuka mbio, hakugusa gogo, akajaza viroba arobaini. Siku ya tatu Zipora alishuka bila matimba makusudi, mara ishirini, akingoja ukuta umwangukie. Ukuta ulisimama tu. Akazima mashine ghafla, Boaz akamuuliza kama anaumwa.

Aliumwa, ndiyo. Baba yake, Magesa, alikuwa fundi wa matimba, na Zipora alikua akimbebea magogo mpaka pale wanawake wanapoambiwa basi, rudi. Siku moja mwenye duara alisema matimba yanachelewesha kazi, washuke hivyo hivyo. Magesa na wenzake wawili hawakupanda tena.

Jumamosi Donatus aliweka skrini mbili, Boaz huku, Zipora kule, washindane nani atatangulia kujaza viroba arobaini. Wachimbaji waliotoka zamu walijaa bandani na matope yao, wote nyuma ya Boaz.

"Zipora, leo unashuka?" mmoja akatania. "Dhahabu itatukimbia!" Wakacheka mpaka bati likatikisika.

Zipora akashuka. Hatua tatu, gogo. Hatua tatu, gogo.

"Dada, unapoteza muda," Donatus alimnong'oneza.

"Nautumia."

Boaz alifika viroba ishirini, yeye viwili. Hapo Mzee Athanas, aliyewahi kufanya kazi na marehemu Magesa, akageuza shingo. "Hilo la kushoto limelala, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Linyanyue." Zipora akalinyanyua. Mwingine akasogea: "Juu pale pameachama, weka la kukingama!" Wa tatu akamsukuma mwenzake apate kuona. Wakaanza kugombana kabari ipigwe upande gani, na kabari yenyewe, kile kipande cha mti cha kukaza gogo, gemu haikuwa nayo kabisa. Boaz alipotimiza arobaini akaruka kwa ushindi, akageuka nyuma kupongezwa. Hapakuwa na mtu.

"Boaz ameshinda!" Donatus akatangaza. "Arobaini kwa tisa!"

"Kashinda nini?" Mzee Athanas akauliza. "Hapa ni Usukumani, kijana. Manju wawili wakichezesha ngoma uwanja mmoja, hatuhesabu hatua zao. Watu wanahama, na aliyebaki na watu ndiye mshindi. Angalia watu walipo."

Donatus hakukasirika, alitabasamu, akampa Zipora chaki. "Vizuri zaidi, watu wameipenda. Haya, Dada. Neno moja." Kamera ikasogea.

Zipora aliziangalia zile mashine mpya kwa mara ya mwisho, na roho ilimuuma kwelikweli. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: HAINA MATIMBA. USISHUKE.

"Dada, futa," Donatus alisema. "Hii ni gemu tu! Humu hakuna anayekufa!"

"Ndiyo ubaya wake. Yule mwenye duara aliyemwambia baba yangu matimba yanachelewesha kazi, umemtia humu, ukampa ushindi, halafu unataka mimi nimwite mzuri? Sifuti. Beba mashine zako, mdogo wangu. Siku ukiniletea duara linaloanguka, ubao nitaufuta mwenyewe."

Akazibeba. Gari lake lilipokata kona, bandani palibaki mashine ile kuukuu, pedi ya mpira wa baiskeli, na wachimbaji waliosahau kuondoka. Zipora alijua miezi yake miwili haijaongezeka hata siku. Hakujuta.

Boaz alisimama mlangoni, akausoma ubao, akausoma tena. Ushindi ulikuwa umemtoka usoni. Akarudi ndani mpaka kwa Mzee Athanas.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jumatatu naanza kazi. Hiyo kabari inapigwa upande gani?"

Zipora akawavutia stuli mbili.