Kayaki Iliyombana Fundi Cherehani

Dukani kwangu hakuna anayeondoka na kayaki, mtumbwi mdogo wa kasia, kabla hajaikalia sakafuni. Naiweka juu ya godoro kuukuu, mteja anaingia, namkabidhi kikombe cha chai, na hatoki mpaka chai iishe. Watu hunicheka. Lakini nimeona wengi wanaoanza wakiipenda kayaki kwa macho, halafu makalio yakaja kutoa maoni yake katikati ya ziwa, ambako hakuna wa kupokea malalamiko.

Fundi cherehani wa mtaa wa pili aliingia asubuhi moja, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Ni mtu wa mwili, na mdomo wake haujui likizo.

"Nataka kayaki," akasema. "Na mke wangu asijue."

Nikamuuliza kama amewahi kupiga kasia.

"Nimewahi kuoga."

Mkewe namfahamu. Ni mkunga, na kayaki yake nyembamba namhifadhia mimi. Kila Jumapili anaichukua na kuingia ziwani peke yake. Fundi akanieleza shida yake huku akijifanya anakagua makasia. Watoto wameshahama, nyumba imebaki na watu wawili. Wiki nzima mama yuko zamu, na siku moja aliyo huru anaipeleka majini.

"Anarudi amechangamka kama mtu aliyetoka kwa hawara," akasema. "Na hawara mwenyewe ni maji. Nitapiganaje na maji? Nimeamua nimfuate humo humo."

Niliona si jambo la kucheka, kwa hiyo nilicheka kidogo tu.

Nikamwonyesha ya kuanzia: pana, nzito, ya wazi, mtu anakaa juu yake kama benchi, na akianguka anapanda tena. Akaizunguka.

"Hili ni beseni."

"Halipinduki kirahisi."

"Mke wangu atafika ng'ambo, atazeeka huko, mimi bado nazunguka kwenye beseni."

Akaenda moja kwa moja kwenye ile ndefu, nyembamba, ambayo miguu hutangulia kwenye tundu na kiuno kikafuata. Nikamwambia hiyo ni ya wazoefu. Akaninyamazisha kwa kiganja. Akapima tundu, akavuta pumzi tumbo likarudi nyuma, akajipima nyonga.

"Inanikaa barabara. Bwana, vipimo usinifundishe. Nguo ikimpwaya mtu, aibu ni ya fundi."

"Ukipinduka unatakiwa utoke humo haraka."

"Suti ya harusi nani anaivua haraka?"

Kuna ubishi ambao chai huumaliza vizuri kuliko mimi. Nikailaza kayaki godoroni. Akavua viatu, akajisukuma ndani akiguna, tundu likamkaa kiunoni kama kifuniko cha sufuria. Akatabasamu. Akapiga kasia hewani, akaangusha kofia zote zilizokuwa kwenye rafu. Akanywa chai yake kwa heshima zote, kisha akajaribu kutoka.

Nilimvuta mikono. Nilimvuta makwapa. Nilimmiminia sabuni ya vyombo kiunoni. Kila alipoinuka, kayaki iliinuka naye.

"Wateja wako," nikamuuliza taratibu, "huwa unawapima wamebana pumzi?"

"Huwa nawakataza."

Tukapumzika wote wawili.

"Mpigie simu," akasema hatimaye.

"Nani?"

"Kuna mwingine unayemjua ambaye kazi yake ni kutoa watu?"

Mkunga akaja na sare yake ya kazi. Akasimama mlangoni akimtazama mumewe: amekaa godoroni, kasia mkononi, povu kiunoni.

"Baba watoto," akasema, "safari ya wapi?"

"Kwako."

"Mbio za sakafuni hizo." Akavua saa, akapiga magoti. "Haya, legeza tumbo. Usisukume mpaka nikwambie. Shemeji, shika mkia wa kayaki."

Akamgeuza ubavu, nyonga moja ikatangulia, ya pili ikafuata, na fundi akatoka mzima, kasoro kifungo cha suruali.

"Wa kiume," nikasema.

"Na keshaanza kunificha mambo," akajibu mkunga. Akamgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kule ndiko mahali pekee ambapo hakuna anayeniita."

"Sitakuita."

"Wewe? Wewe unaongea hata ukiwa usingizini."

Fundi akarudisha kasia ukutani, akaanza kutafuta viatu vyake. Ningeweza kusema neno la kibiashara hapo, lakini halikunijia, na sikulitafuta.

Mkunga akaikalia ile kayaki pana, akaiyumbisha kushoto na kulia.

"Hii ina mwendo?" akaniuliza.

"Haina. Utamwacha kabla hajamaliza sentensi."

Akabaki ameikalia, akimtazama mumewe anavyohangaika na kamba za viatu.

"Jumapili tunatoka wote," akasema. "Jaketi la kuelea hulivui. Tukifika, mimi nakwenda zangu mbali. Wewe unabaki kwenye maji mafupi, ongea na ndege. Nikirudi nakupitia, tunarudi pamoja."

Fundi akaacha kamba. "Wakati wa kurudi naruhusiwa kuongea?"

"Wakati wa kurudi, ongea."

Akafikiri, kama mtu aliyeshika mkasi juu ya kitambaa cha mwenyewe.

"Basi wakati wa kurudi," akasema, "usipige kasia kwa nguvu."