Vikombe vya Shakila

Mwanaheri na Shakila waliolewa na mume mmoja, Ismaily, mkulima wa korosho wa Lionja. Watu walisubiri ugomvi, na mwanzoni ulikuwepo, lakini ulikuwa wa vikombe tu. Shakila, mke mdogo, alikuja na vikombe vyake vya maua, na kila Ijumaa alivitoa vyote kabatini, akaviosha na kuvipanga upya: vikubwa nyuma, vidogo mbele, vimefunikwa juu ya visahani, mikono yote ikielekea mlangoni.

"Vikombe ni vya kunywea," Mwanaheri alimwambia. "Wewe unavipanga kama unafungua duka."

"Dada, mgeni akiingia aone tumejiandaa."

"Mgeni gani, Lionja hii?"

Wakacheka. Tangu siku hiyo wakawa wanavipanga pamoja, mmoja akiosha, mwingine akifuta, na Ismaily akisubiri chakula mpaka wamalize.

Ismaily alipofariki, wote wawili walikaa eda nyumba moja. Eda ilipokwisha, Saburi, kaka yake Shakila, akaja kumchukua arudi Mbwemkuru. Mama yao alikuwa amepooza. Shakila alifunga nguo zake, vikombe akaviacha.

"Kwa mama hakuna kabati," alisema. "Vikae na wewe, dada."

Mwanaheri aliendelea kuviosha kila Ijumaa. Mara nyingine alijikuta amenyoosha mkono pembeni, anampa mtu kikombe akifute. Kisha jirani yake Lusiana akaviazima kwa kipaimara cha mwanawe. Alipovirudisha, kwa wema wake akavirundika kabatini mwenyewe, kimoja ndani ya kingine. Mwanaheri alimshukuru, akamsindikiza, akarudi kukaa sakafuni mbele ya kabati. Akalia kuliko alivyolia msibani.

Asubuhi alifunga nusu ya vikombe kwenye khanga, akapanda basi la Nachingwea, akaunganisha hadi Ruangwa, na bodaboda ikamfikisha Mbwemkuru furushi likiwa mapajani.

Shakila alikuwa anafua mashuka. Alilifungua lile furushi kwa mikono yenye povu.

"Dada! Umevibeba njia yote hii?"

Akaviosha, ingawa vilikuwa safi, akavipanga dirishani, juu ya kitanda cha mama yake. Mama hakuwa anaongea tena, lakini alivitazama kwa muda mrefu.

"Rudi nyumbani," Mwanaheri alisema walipokuwa wanakunywa chai.

"Huyu atageuzwa na nani?"

Mwanaheri alikaa siku mbili. Walimwogesha mgonjwa pamoja, wakalala mkeka mmoja, wakapiga soga mpaka usingizi ukawachukua.

Siku ya kuondoka, Shakila alimsindikiza hadi barabarani.

"Jioni unazungumza na nani?"

"Na redio. Inaongea, haisikilizi."

Shakila alicheka, halafu akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Msimu wa korosho ukiisha, njoo. Ukae mpaka unichoke."

"Na nisipokuchoka?"

Bodaboda ilikuwa imeshawashwa. Mwanaheri aligeuka nyuma tena na tena, hadi dereva akamwomba atulie. Kule Ruangwa, ndani ya basi, mama mmoja aliyeketi naye alimsalimia mara mbili. Hakumsikia.