Kola Arobaini

Ofisa wa usajili wa vyama vya ushirika alipowauliza mafundi cherehani hao wana tofauti gani na watu sita waliokaa tu kwenye kibaraza kimoja, walimwonyesha shati. Mkataji alikata, mkongwe wao waliyemwita Bi Kola akashona kola, mwingine mikono, mwingine pindo, mwingine vifungo, na mwenyekiti akakagua na kupiga pasi. Shule ilitaka mashati mia tatu kwa wiki mbili, na hapakuwa na fundi wa kuyamaliza peke yake. Ofisa akagonga muhuri.

Wiki moja baada ya kuyapeleka, mashati arobaini yalirudi, kola zimepinda kama midomo ya watu walionuna. Minong'ono ikaenda siku saba, kisha wakaitana kikao.

Fundi wa vifungo hakuzunguka. Alisema macho ya Bi Kola yamekwisha, na heshima kwa mtu mzima haishoni shati. Wa mikono akaunga mkono. Ikapendekezwa mama apumzishwe, neno zuri la kumfukuza mtu. Bi Kola hakubisha. Alisema juzi alitunga uzi mara tatu ukamshinda, kwa hiyo huenda wanawe wanasema kweli.

Mkataji aliinamisha kichwa, akachambua kwenye sketi yake nyuzi ambazo hazikuwapo. Kitambaa hukatwa tabaka kumi kwa mara moja. Ukizidisha, za chini huteleza na vipande vikatoka vimepotoka. Ijumaa ya kukata kola alipanga ishirini na tano, kila tabaka kola mbili. Binti yake alikuwa na homa, naye alitaka kuwahi nyumbani. Angeweza kuomba ruhusa. Hakuomba, maana yeye ndiye aliyezoea kuwasema wenzake waombao ruhusa.

Alijiambia mtoto aliumwa kweli. Alijiambia Bi Kola amechoka, hata mapumziko yatamfaa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi. Lakini yule mama, aliyemfundisha kushika mkasi, alikuwa ameshaanza kukusanya sindano zake.

"Macho yake hayana kosa," mkataji akasema. "Nilikata tabaka ishirini na tano. Ni mimi."

"Na wiki nzima unatutazama tu?" akauliza fundi wa vifungo.

"Wiki nzima."

Mwenyekiti akakohoa. Akakiri kuwa kola aliziona zikipita chini ya pasi, akazinyoosha kwa nguvu, akanyamaza. Fundi wa vifungo naye, alipobanwa, alikubali kuwa aliziona, ila kola si kazi yake. Kumbe shati lilipita mikononi mwa watu sita na hakuna aliyelishika.

Bi Kola akakaa tena. "Mwanangu," akasema bila ukali, na hilo ndilo lililouma, "siku saba nimejiona kipofu. Nimekwenda mpaka kupimwa. Daktari akaniambia naona vizuri, nikarudi nawaambia majirani daktari mwenyewe haoni."

Wenzake wakacheka. Mkataji hakuweza. Aliomba radhi, akavuta rundo la mashati, akaanza kufumua kola. Wa mikono akachukua moja, kisha wa pindo, kisha wote. Bi Kola naye alichukua la kwake, akahamisha kiti chake upande wa pili wa meza, mbali na mkataji.