Mapichi ya Soverato

Mimi likizo siitaki. Kila Agosti mwanangu Nicodemo ananishushia wajukuu wawili hapa ufukweni Soverato, pamoja na mwavuli mmoja, kisha yeye na mkewe wanakwenda kupanda boti, kupiga mbizi, kutazama magofu. Wanasema mambo ya kufanya hapa hayaishi. La kwangu ni moja tu, kuchunga vichwa viwili visizame, na miguu yenyewe imevimba.

Bahati nzuri, kwetu mtoto akishakula haingii baharini mpaka yapite masaa matatu. Madaktari wanasema ni upuuzi, lakini nani anawasikiliza? Basi nikaanza kubeba mapichi. Masaa yakikaribia kuisha, namkatia Rosalba kipande, na kaka yake Santo kipande.

"Kuleni, wanangu, vitamu hivyo."

Wanakula, wanarudi kujenga ngome za mchanga, mimi nasinzia. Wiki nzima hawajalowa hata kifundo cha mguu.

Jana, siku ya mwisho, jua lilinichoma mpaka nikayatamani maji mwenyewe. Nikavua gauni, nikasimama na vazi langu la kuogelea. Rosalba akanijia na kipande cha pichi.

"Bibi, onja hiki, kitamu kweli."

Nikakitia mdomoni bila kufikiri. Akaitazama saa mkononi mwangu, akanikalisha kitini taratibu.

"Haya, tulia hapo, Bibi. Masaa matatu. Santo, twende! Sisi vipande vyetu vya leo tumevifukia mchangani."