Kitanda cha Mlinzi wa Chemchemi

Ijumaa, saa za watu kutoka kazini, fundi wa mafriji alikuwa amekaa barazani kwake juu ya friji bovu lililolazwa ubavu, miwani imemshuka puani, akisoma simu huku analia. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikaa pembeni akipinda sketi. Hakumuuliza kinachomliza, maana naye alikuwa ameshasoma mchana.

Ilikuwa hadithi ya picha, ile inayotoka mtandaoni kila Ijumaa. Ndani yake mna msichana anayeitwa Mlinzi, mtunza chemchemi ya mji ulio juu ya mawingu. Wiki hiyo Mlinzi alisimama mbele ya baraza akasema alichokiona kwa macho yake, kwamba ndugu wa mfalme ndiye aliyetia sumu majini. Baraza lilimsikiliza mpaka mwisho, likamshukuru, kisha likamfukuza. Picha ya mwisho ilimwonyesha akisukumwa nje ya lango, kwenda dunia asiyoijua.

"Mtoto kasema kweli," alisema fundi, akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Kosa lake nini?"

Mkewe aliuma uzi akaukata. "Unaniuliza mimi?"

Fundi alirudisha miwani puani. Aliingia kwenye kundi la wasomaji wa hadithi hiyo, Kijiwe cha Mlinzi, ambako jina lake lilikuwa Baridi Kali. Mshonaji naye alikuwamo kwa jina la Sindano, lakini hakuwahi kuandika hata neno. Alisoma tu, kama mtu anayesikiliza majirani kupitia ukutani.

"Mzazi wa huyu binti yuko wapi?" aliandika Baridi Kali. "Anatazama tu mwanawe akitupwa?"

Mwenzao aitwaye Daktari wa Mapenzi alimjibu kwamba wazazi wa hadithini huwa wameshakufa, wangekuwepo pasingekuwa na hadithi. Watu wakacheka. Ndipo akaandika mmoja anayejiita Kivuli: "Labda yupo. Labda anawaogopa ndugu zake."

"Woga gani huo, mwanangu?" akaandika Baridi Kali. "Ndugu ndio wakutoe mtoto mikononi?"

Kivuli hakuandika tena jioni ile. Mshonaji aliilaza simu juu ya sketi. Alimjua Kivuli vizuri. Alimzaa mwenyewe.

Siku ile baba yake mkubwa alipomgonga muuguzi aliyekuwa akitoka zamu, binti huyo alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari. Baba mkubwa alikanyaga mafuta akaenda zake, na muuguzi akafia pale barabarani. Ukoo ulikaa kikao ukakubaliana kusema kwamba gari lilikuwa limeibwa. Binti alipoitwa mahakamani alisema halikuibwa, akasema na aliyekuwa akiliendesha. Baba mkubwa akafungwa.

Na huyo baba mkubwa ndiye aliyemlea fundi tangu walipofiwa na wazazi. Alimbeba mgongoni kumpeleka shule, akamtafutia mwalimu wa ufundi, akamsimamia harusi. Jioni ya hukumu, mbele ya shangazi na binamu waliojaa sebuleni, fundi alimwambia binti yake akusanye nguo. Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo jina la mtoto halikutajwa mle ndani. Zamani fundi alimwita mkewe kwa jina la binti yao, Mama Fulani, kama mtaa mzima ulivyomwita. Sasa alilikata jina akabakiza Mama.

Jumamosi asubuhi mshonaji alitoka na ufagio akamkuta Mlinzi uani, kakaa chini katikati ya mafriji, magoti kayakumbatia.

Alikuwa vilevile kama kwenye simu. Mstari mweusi wa wino ulimzunguka mwili wote, mnene mabegani na mwembamba vidoleni, na kwenye mkono wa kushoto wa joho rangi ilikuwa imevuka mstari kidogo, pale mchoraji alipofanya haraka. Alipofungua kinywa haikutoka sauti. Juu ya kichwa chake kilitokea kiputo cheupe chenye maandishi, kikaelea hapo mpaka mshonaji akamaliza kukisoma, kisha kikashuka taratibu chini kama ganda la kitunguu.

Kilisema: "Samahani. Nimefukuzwa kwetu."

"Pole," alisema mshonaji. "Umekunywa chai?"

Jirani wa upande wa pili alichungulia juu ya ukuta, akamtazama mgeni juu mpaka chini, akaomba tu wino usidondokee shuka zake alizoanika. Mshonaji alimhakikishia kwamba watakuwa waangalifu.

Fundi alitoka na mswaki mdomoni. Alisimama kidogo, akatema povu, akaenda kuleta kiti kile cha sebuleni chenye mto.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Jisikie kwenu. Chumba kipo, hakina mtu."

Mshonaji aliendelea kufagia mahali pale pale mpaka pakabaki udongo mtupu.

Basi Mlinzi akalala chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha binti, chini ya chandarua cha binti. Joho lake lilikuwa zito kwa hali ya hewa ya huku, kwa hiyo mshonaji alizitoa gauni za binti kabatini, akazipunguza kiunoni, akampa. Fundi alibadilisha taa za nyumba nzima, akaweka zenye mwanga mkali, ili maneno ya mgeni yasomeke vizuri. Asubuhi Mlinzi alimshikia fundi koleo na bisibisi, jioni alifagia viputo vyake mwenyewe na kuvitia kwenye gunia. Alikuwa na adabu. Usiku alilia, na viputo vya kilio chake havikuwa na maandishi.

Ijumaa iliyofuata sura mpya ilitoka, na nyumba yao ilikuwamo yote: baraza, pazia la maua, cherehani, utepe wa kupimia shingoni kwa mshonaji. Kijiwe kilichangamka. Mmoja alisema mchoraji kajitahidi, ila dunia hii mpya haiingii akilini, mafriji yote yale na hata moja haligandishi. Mwingine alisema mama mwenye utepe ana sura ya kununa. Lakini wote walimpenda Mzee wa Mafriji. Walisema ana roho ya pekee. Walisema dunia ingekuwa na wazee kama yule, hakuna mtoto ambaye angelala nje. Baridi Kali alisoma yote hayo, hakusema kwamba ni yeye.

Kivuli aliandika mara moja tu: "Hicho kitanda kina msumari umetokeza upande wa ukutani. Utamchana."

"Umejuaje?" aliuliza Daktari wa Mapenzi. "Mbona hauonekani pichani?"

"Nakisia."

Mshonaji, akiwa jikoni, alimsikia mumewe akiburuta sanduku la vifaa. Kisha akasikia nyundo ikigonga chumba cha nyuma, taratibu, mapigo machache.

Alingoja mpaka wakabaki wawili barazani.

"Baba," alisema, "Kivuli unamjua ni nani?"

Fundi aligeuza nyundo mkononi. "Namjua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoingia. Anaandika kama anavyoongea."

"Basi mwambie arudi."

"Kaka atatoka jela siku moja. Atapita mlango huu huu. Nitamtazama kwa uso gani?"

"Na huyu tuliyemlaza humo ndani? Si naye alisimama akasema kweli, kama mwenzake?"

"Huyu hakumsema ndugu yangu," alisema fundi, akaingia ndani kunawa mikono.

Mlinzi hakuwa mjinga. Alikuwa ameona alama za kalamu kwenye fremu ya mlango, zinazoonyesha mtoto alivyokuwa akirefuka mwaka hadi mwaka, na alikuwa amevaa gauni zenye jasho la mtu mwingine kwapani. Jioni moja wakiwa mezani aliweka kijiko chini, akamtazama fundi, na kiputo kikaanza kutokea juu ya kichwa chake. Mshonaji alisoma neno la kwanza, Yuko, na la pili, wapi.

Fundi aliinuka akazima taa.

Walimaliza kula gizani. Kijiko cha fundi kiligonga sahani kwa muda mrefu kuliko chakula kilichokuwamo. Taa ilipowashwa, kiputo kilikuwa kimeshaanguka kwenye mchuzi na maandishi yake yameloa.

Sura ya Ijumaa hiyo ilikuwa na picha moja nyeusi tupu. Kijiwe kilibishana juu yake wiki nzima. Wengine walisema ni umeme umekatika, wengine wakasema mchoraji anataka kuonyesha upweke. Kisha wakaanza kuomba Mlinzi arudishwe kwao. Haikuwa haki, walisema, msichana wa watu kukonda ugenini kwa kosa la kusema kweli. Wazo lilikuwa la Baridi Kali. Aliwahimiza wote wamwandikie mchoraji, akawaandikia na maneno ya kuanzia: "Sisi kama wazazi hatuwezi kuvumilia." Watu wasio na mtoto hata mmoja walituma maneno hayo. Kivuli alituma pia. Yalimfikia mchoraji mengi kiasi kwamba aliomba wampumzishe, akaahidi kufikiria.

Siku hizo ndipo Sindano alipoandika kwa mara ya kwanza.

"Na wengine je?"

"Wengine gani?" akauliza Daktari wa Mapenzi. "Humu aliyefukuzwa ni mmoja tu, dada. Anza kusoma tangu mwanzo."

Mshonaji aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena, akalifuta. Mumewe alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake, simu mkononi, na hakuinua macho.

Lango lilifunguka uani siku ya Ijumaa mchana, kati ya kamba ya nguo na choo. Upande wa pili kulionekana mawingu na watu wamebeba maua. Mlinzi alivaa joho lake. Gauni alikuwa amezifua, akazikunja, akaziweka mikononi kwa mshonaji. Kiputo chake cha mwisho hakikupanda juu. Kilitokea chini chini, karibu na kifua, mahali ambapo mshonaji peke yake angekiona.

"Nilimwombea na binti yako kwa mchoraji, arudi," kilisema. "Kasema huyo hakumchora yeye."

"Najua, mwanangu," alisema mshonaji. "Nenda, wanakungoja."

Fundi alimshika Mlinzi kichwani akamtakia safari njema. Lango lilipojifunga aliokota gunia la viputo akaliweka nje kwa watu wa taka.

Jioni mshonaji alivua shuka za kile kitanda, akatandika safi. Kutoka barazani alimsikia mumewe akipiga chafya, kisha simu yake mwenyewe ikatetemeka mfukoni. Kijiwe kilikuwa kinasherehekea. Katikati ya shangwe, Baridi Kali alikuwa ameandika: "Leo binti kalala kwao. Moyo wangu umetulia."

Kivuli akajibu.

"Na wangu, baba."

Hakuna aliyeshtuka. Pale kijiweni wadogo wote waliwaita wakubwa baba. Mshonaji alisimama mlangoni na shuka chafu mikononi, akamtazama mumewe kwa nyuma. Fundi alikuwa ameinamia simu, na mwanga wake ulimmulika shingo. Alikaa hivyo mpaka simu ikajizima yenyewe.

"Mama," aliita bila kugeuka. "Funga hicho chumba. Vumbi litaingia."

Akakifunga.