Sajenti Kefa wa Msalato

"Umma wa nyumba hii unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Kamati Kuu ya Uteuzi wa Mwalimu wa Mazoezi imemaliza kazi yake nzito na iko tayari kutoa majibu!"

Kamati nzima ilikuwa Joel peke yake, kidato cha tatu, mdomo umejaa zabibu alizozila bila kuomba ruhusa. Shule ilikuwa imefungwa, bweni limepumua, na mama yake mkubwa, Restuta, ndiye aliyempa kazi hiyo baada ya daktari kumwambia kuwa presha imepanda na mazoezi ni lazima.

"Haya mheshimiwa kamati, toa majibu. Na hizo zabibu uziache."

Jina moja lilikwisha kukataliwa. Kijana wa jimu kule mjini, kifua kama kabati, alikataliwa kwa sababu moja tu.

"Aniamkie shikamoo, halafu aniamrishe nichuchumae?" Restuta alisema. "Siwezi, Joel. Nitafutie mtu mzima. Mtu ninayemwamkia mimi."

Joel akamtafuta mtu mzima. Alipomkosa, akamtengeneza. Sajenti Kefa, mwanajeshi mstaafu, miaka sabini, mkazi wa Msalato. Alifundisha kwa ujumbe wa simu tu, kwa kuwa miguu yake ilichakaa akilitumikia taifa, na malipo hakutaka. Laini yake ilikaa ndani ya kisimu kidogo chini ya godoro la Joel.

Asubuhi ya kwanza ujumbe ukaingia: "Shikamoo Sajenti."

Joel akajifunika shuka, akacheka mpaka machozi, akaandika: "Marahaba binti. Zunguka banda la kuku huku ukiinua magoti. Kila ukimfikia jogoo, mpigie saluti."

Akachungulia dirishani. Mama yake mkubwa, kanga kiunoni na raba miguuni, alikuwa akimpigia jogoo saluti. Bila kutabasamu.

Siku zilizofuata utani ukapungua utamu. Restuta hakukosa asubuhi hata moja, upepo uwe na vumbi au usiwe nalo. Na kila asubuhi shikamoo yake ilitangulia, naye Joel, aliyelelewa na mama huyo tangu anatambaa, aliitikia marahaba huku shingo ikimwasha. Saluti akazifuta. Akaanza kuandika mambo ya maana: tembea, pumzika, kunywa maji.

"Sajenti siku hizi amekuwa mpole," Restuta alisema wakila. "Nadhani ananionea huruma."

Joel akauinamia mlenda kama mtu anayesoma.

Kisha ukaja ujumbe mrefu. "Sajenti, najisikia mwepesi sana. Vidonge vya presha nimeviweka kando tangu jana, mazoezi yako yananitosha. Kwa daktari sirudi. Ninakutegemea wewe, maana nina mtoto wa marehemu mdogo wangu, nataka nimwone akimaliza shule."

"Meza dawa, binti," Joel akaandika papo hapo. "Ni amri."

Jibu likawa simu. Restuta alitaka kuisikia amri hiyo kwa masikio yake. Joel akakimbilia nyuma ya tangi la maji, akakaza koo, akapokea.

"Shikamoo Sajenti." Sauti ilikuwa ya chini, ya unyenyekevu, sauti ambayo mama huyo hakuwahi kuitumia nyumbani.

Kuiandika marahaba kulikuwa kazi ya vidole tu. Mdomo ulikataa katakata.

"Shikamoo mama," Joel akasema.

Mashine ya kusaga ya jirani ikasikika ndani ya simu na nje yake kwa wakati mmoja.

"Joel?"

"Naam, mama."

"Sajenti yuko hapo na wewe?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Ni mimi, mama, tangu siku ya kwanza. Nichape, nirudishe bweni hata leo, lakini vidonge umeze sasa hivi na kwa daktari urudi. Mimi kuhusu presha sijui chochote."