Bunduki Ndogo ya Mzee Mwinjuma

Bunduki ilikuwa imelazwa mezani juu ya kanga iliyopauka, kati ya glasi mbili za chai, na hakuna aliyekuwa anaitazama isipokuwa mimi. Mzee Mwinjuma alikuwa amemgeukia mke wangu.

"Mama," alisema, "huyu bwana nimemsikiliza. Bei tumeshapatana. Sasa nakuuliza wewe unayeishi naye. Nimuuzie, au nisimuuzie?"

Gaudiosa akainuka kitini. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akakutanisha viganja, akapiga makofi taratibu, mara mbili, mara tatu, yale makofi yetu Wafipa ya kumheshimu mkubwa. Nilipoyasikia nikajua mambo yameharibika. Mke wangu alikuwa mtu wa utani. Akiwa amesimama au amekaa, angekudanganya mpaka ukacheka na kumwomba aendelee. Lakini akishapiga magoti na makofi, kitakachotoka hapo ni kweli tupu, hata kama kitamchoma yeye mwenyewe.

Nikamwambia kwa Kifipa, haraka haraka, anyamaze.

Mzee Mwinjuma akacheka. Nilisahau kwamba babu yake alikuja Sumbawanga na punda wa chumvi, na yeye alizaliwa pale pale mtaani. Kifipa alikijua kuliko mimi.

Miaka minane imepita. Gaudiosa alitangulia mwaka jana wakati wa mvua, kwa ugonjwa ambao nesi mwenyewe alisema unatibika, isipokuwa dawa iko mjini, gari la wagonjwa liko gereji, na mwenye kuruhusu gari jingine yuko semina. Watu walikuja msibani wakaniambia ni mipango ya Mungu. Mungu hakuwa semina. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini najua nani alikuwa wapi siku ile.

Basi, bunduki.

Shamba letu la Mwimbi linashuka mpaka kwenye korongo lenye miti, na mitini humo wanakaa ngedere. Ngedere hali mahindi kwa njaa. Anavunja hindi, analionja, analitupa, anavunja la pili, kama mkaguzi aliyetumwa kutafuta makosa. Mwaka ule walikula tangu mahindi yalipoanza kuota ndevu. Nikaenda kwa mtendaji, akasema andika barua. Nikamtafuta mtu wa kuniandikia. Bwana nyamapori akaja mara moja, akala jogoo wetu, akaandika kwenye daftari, akasema tutapata majibu. Mpaka leo nasubiri. Jogoo yule alikuwa mzuri.

Ndipo dereva wa Fuso aliyekuwa akipeleka mahindi Kasesya akaniambia tajiri yake, Mzee Mwinjuma wa Sumbawanga, anauza bunduki. Ile ndogo, wanaiita ishirini na mbili, ya risasi nyembamba kama kalamu iliyochongwa mpaka karibu na mwisho. Si gobore la kufukia chini ya kitanda. Ina kibali, ina karatasi zake zote. Mzee macho yameingia mtoto wa jicho, haoni hata kanga anaoenda kuwawinda, na watoto wake wanajua malori tu. Alikuwa anaomba laki saba, wakati mpya hata ukiisikia bei yake unakaa chini kwanza.

Nikaanza kuzunguka na karatasi. Muhtasari wa kijiji, barua ya kata, picha ndogo nne. Miezi minne. Safari moja niliambiwa mhuri umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo amekwenda harusini Mpanda. Nilikaa kwenye benchi la ile ofisi mpaka mbuzi wa mtendaji wakanizoea.

Zilipotimia barua za kijiji na kata, nikaenda kuiona bunduki na kuacha kishika uchumba kabla mwingine hajaiwahi. Polisi tungekwenda baadaye, mimi na mwenye mali pamoja. Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimwambia Gaudiosa twende wote. Mimi mwenyewe. Hata kitenge cha kuvaa nilimchagulia. Sababu katika kupatana bei hakuwa na mwenzake. Sokoni Matai niliwahi kuona muuza vyungu akimwomba radhi kwa kuwa na bei.

Na kweli alianza vizuri. Akaishika bunduki kama anayeshika kuku kupima uzito.

"Mzee, shikamoo tena. Hiki kitako kina ufa."

"Marahaba. Huo ufa ni wa siku nyingi, mama. Tangu enzi za baba yangu."

"Basi umezeeka. Na bei nayo izeeke."

Nyuma ya pazia mwanamke akaangua kicheko, mke wa mzee, Bi Kauthar. Laki saba ikawa sita, sita ikawa tano na nusu. Mimi nilikuwa nimekaa nimeikunja mikono, nimejaa fahari kama aliyezaa mapacha.

Ndipo mzee akasema kwamba kwao hawauzi silaha mpaka mke wa mnunuzi aulizwe. Baba yake alipompa yeye bunduki ile, alimwita kwanza Kauthar.

"Na alinichelewesha siku tatu!" alisema.

"Ningekuchelewesha mwezi," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "nilikuonea huruma."

Ndiyo maana mke wangu alikuwa amepiga magoti pale sakafuni.

"Baba," alisema, "ngedere wapo. Huyu hakukudanganya. Tumepanda magunia, tutavuna vikapu. Mtu wa kulenga ni mzuri, na mlevi si mlevi." Akavishusha viganja magotini. "Lakini na Mayunga yupo."

"Mayunga ni mnyama gani?"

"Ni jirani yetu."

Glasi ya chai ilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki niliiweka wapi.

Mayunga ni Msukuma, alifika na ng'ombe wake akitokea huko Shinyanga. Wakubwa wa kijiji wakampimia malisho, na nusu ya malisho hayo ilikuwa ardhi niliyoiacha ipumzike. Kwenye karatasi, kwa mhuri uleule. Ng'ombe wake waliingia kwenye maharage yangu mara mbili. Mara ya pili nilisimama mkutanoni nikasema wakiingia tena, nitajua la kufanya. Watu wakapiga makofi. Gaudiosa hakupiga.

Gaudiosa akamweleza yote hayo, la malisho na la mkutanoni, na Mzee Mwinjuma hakuuliza zaidi. Alipapasa mezani mpaka akaupata upindo wa kanga, akaifunika bunduki, kwanza mtutu, halafu kitako. Akatusogezea sahani ya kashata.

"Ng'ombe hakujigawia shamba," aliniambia. "Wala mwenye ng'ombe."

Nilisema maneno. Sitayarudia hapa, mengine yalimgusa mama mkwe wangu aliyekuwa marehemu. Mzee aliyasikiliza yote, uso wake umeelekea dirishani penye mwanga, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni akiwa ameshika bega langu. Sijui alikuwa ananiongoza mimi au anajiongoza yeye.

Kwenye gari la kurudi nilikaa upande wa dirisha. Baridi ya Juni ilikuwa inaingia kwenye kioo kilichopasuka. Matai, Gaudiosa akanunua mahindi mawili ya kuchoma, akaninyooshea moja. Nikageuza uso. Akala yote mawili, punje kwa punje, bila haraka.

"Umenikasirikia?"

"Sana."

"Nikasirikie tu, Baba Timoth. Mimi nipo hapa hapa."

Msimu uliofuata tulilinda kwa debe. Kuanzia umande haujakauka mpaka jua linakwenda kuzama Zambia, tulikaa kwenye kibanda cha nyasi juu ya korongo, yeye na fimbo, mimi na kimya changu. Niliapa sitacheka mpaka mavuno. Yeye akaanza kuwapa ngedere majina.

"Mtendaji! Shuka, hilo la mbegu!" Kisha debe, ngwe ngwe ngwe. "We Diwani, unakula kwa mikono miwili, kura ulipewa ngapi?" Kulikuwa na mmoja mzee, mwenye tumbo, aliyekaa kwenye tawi peke yake akikuna mgongo wakati wenzake wanaiba. "Bwana Nyamapori, umekuja kuandika? Jogoo hakuna, kaondoka!"

Nilijikaza siku mbili. Siku ya tatu nilicheka mpaka nikashuka kibandani nikalala chini. Na ng'ambo ya mpaka wa shamba, kwenye malisho, nikasikia mtu mwingine anacheka. Mayunga alikuwa ameegemea fimbo yake, kofia imeanguka, hajaiokota. Sikuwahi kuyaona meno ya mtu yule kabla.

"Mama Timoth!" aliita. "Mimi ni yupi hapo?"

"Wewe huna mkia! Lete mbwa wako utusaidie!"

Akaleta. Hata hivyo theluthi ya mahindi iliondoka mwaka ule. Bunduki tulisikia ameichukua mtu wa Kipili. Nilikuwa natafuta hasira yangu kila asubuhi kama mtu anayetafuta kiatu cha pili, na kila asubuhi nilikuwa naipata imesogezwa mbali kidogo. Hatukuizungumza tena habari ile. Hakuniuliza, sikumwambia, na miaka ikaenda.

Mpaka wiki zake za mwisho. Miguu ilikuwa imevimba, ndani anasikia baridi, kwa hiyo mchana mvua ikikatika nilikuwa namtandikia mkeka uani. Siku moja nilikaa kando yake nikichambua maharage, na neno likatoka lenyewe.

"Mama Timoth. Mwaka ule wa bunduki, kabla hatujaenda kwa mzee, kuna asubuhi nilitoka hapajakucha vizuri. Nilipima. Kutoka kichuguu chetu mpaka mlango wa zizi la Mayunga. Kwa hatua." Sikuwahi kumwambia mtu, hata padri. "Hatua mia moja na arobaini."

Alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Mia moja thelathini na nane," akasema. "Mbili ulijikwaa."

Maharage yalikuwa mkononi mwangu.

"Nilikuwa nyuma yako na ndoo," alisema. "Nilikuwa naenda kisimani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwa aliyeniuliza."

Kuku mmoja alikuja akaanza kudonoa maharage kwenye ungo, na hakuna aliyemfukuza.

"Nisogeze," akasema. "Jua limenipita."

Nikashika pembe mbili za mkeka nikauvuta, yeye akiwa juu yake, polepole, nisimuumize, mpaka pale jua lilipokuwa.